Likasi: njiwa wa pori apigwe picha, asipigwe manati

Likasi inajulikana kwa shaba na kobalti. Ni wachache wanaoitaja kwa sababu ya ndege. Hata hivyo, mapori ya miombo ya Haut-Katanga yana njiwa wa kijani, ambaye watu wa pwani wanamwita ninga. Anaishi juu ya miti na anakula matunda, hasa ya mikuyu. Rangi yake inafanana na majani: mtu anaweza kusimama chini ya mti uliojaa njiwa hao asione hata mmoja.

Kumpiga picha kunahitaji subira kuliko pesa. Tafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva, fika mapema asubuhi, kaa kimya, ngoja tawi litikisike. Kiota usikiguse.

Zamani, ndege wa Katanga walichunguzwa kwa bunduki. Kati ya 1946 na 1949, ujumbe wa Mbelgiji Gaston-François de Witte ulikusanya wanyama na ndege wengi katika Hifadhi ya Upemba ili wahifadhiwe na kuchunguzwa. Leo picha moja yenye tarehe na jina la mahali inatosha kuwa ushahidi, na njiwa anabaki mtini.

Ushahidi huo unahitajika sasa, kwa maana pori linaisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameonyesha namna makala na mashamba yanavyokula miombo. Hatumlaumu mama anayepikia bukari kwa makala wakati umeme umekatika. Lakini mkuyu ukiangushwa, njiwa anapoteza chakula na maficho kwa siku moja. Na kama hakuna aliyemwandika wala kumpiga picha, hata kutoweka kwake hakutajulikana.

Kwa hiyo, wakata makala waache mikuyu isimame. Walimu wawatoe wanafunzi darasani, wajifunze kuhesabu ndege badala ya kuwalenga kwa manati. Nao viongozi wa mji wana kazi yao: katika eneo la migodi, kijana mwenye kamera anashukiwa upesi kuwa mpelelezi. Waseme wazi ni wapi picha zimekatazwa na wapi zinaruhusiwa, na ruhusa hiyo isiuzwe barabarani. Madini ya Likasi yamepimwa tangu wakati wa ukoloni. Ndege wake nao wahesabiwe, wakiwa bado hai.