Besi: vali au transista?

Wadau, nina rafiki mpiga besi. Amedunduliza pesa miaka miwili, sasa anataka zote ziishie kwenye amplifaya ya vali. Kisa? Kaambiwa transista haina roho. Jamani!

Tusidanganyane, vali ina utamu wake. Ukiisukuma sana, sauti inakwaruza taratibu na kunenepa. Transista ikizidiwa inakwaruza ghafla, masikio yanaumia. Ndiyo maana Ampeg SVT iliyotoka 1969, wati 300, inaheshimiwa mpaka leo.

Lakini SVT ile ina vali 14, na mashine peke yake, bila spika, ni karibu kilo 40. Rafiki yangu anakwenda kwenye shoo kwa bajaji! Vali huchakaa, na kuzibadilisha kunahitaji fundi anayezijua. Ukiiwasha na kupiga bila kuchomeka spika, unaweza kuunguza transfoma. Na umeme wetu mnaujua wenyewe.

Upande wa pili, siku hizi kuna amplifaya za transista zisizofika hata kilo 3, na zinatoa mamia ya wati.

Mimi namshauri hivi: nunua transista yenye wati za ziada ili usiifikishe mwisho, halafu pesa inayobaki tafuta spika nzuri. Mtu anayecheza ukumbini haulizi ndani ya boksi kuna nini. Anataka besi impige kifuani. Hiyo roho inayotafutwa, kwa maoni yangu, iko vidoleni.

Au nimekosea? Nawasilisha.