Djokovic alishinda ya kwanza, marudiano akapigwa 3-0

Mashabiki wanaoshangaa Novak Djokovic ameshindaje kesi Jumatatu halafu Jumapili iliyofuata akapandishwa ndege kuondoka Australia, wajue jamaa alicheza mechi mbili, na kila moja ilikuwa na sheria zake.

Ya kwanza ilianzia uwanja wa ndege wa Melbourne. Alitua usiku wa Januari 5, maofisa wa mpakani hawakuridhika na sababu zake za kuingia bila chanjo ya Uviko-19. Wakampa hadi saa 2:30 asubuhi ajieleze. Saa 1:42 viza ikafutwa. Dakika 48 zimeliwa! Ndizo ambazo angezitumia kuzungumza na mawakili na waandaaji wa mashindano. Serikali yenyewe ikakubali mahakamani kwamba hapo haikutenda sawa, na Januari 10 Jaji Anthony Kelly akamrudishia viza na kuagiza aachiwe ndani ya dakika 30.

Wengi walishangilia mapema. Kelly hakusema kutochanjwa ni ruksa. Ulikuwa ushindi wa mezani, mpinzani kakosea utaratibu.

Januari 14 akaingia Waziri wa Uhamiaji, Alex Hawke. Sheria ya kule inampa waziri nguvu ya kufuta viza kwa maslahi ya umma bila kulazimika kumsikiliza mhusika kwanza. Kwa hiyo ile hoja ya dakika 48 ikafa hapo hapo. Hawke alidai uwepo wa Djokovic ungewapa nguvu wanaopinga chanjo. Majaji watatu wa Mahakama ya Shirikisho hawakuulizwa kama waziri ana busara, waliulizwa kama amevunja sheria. Wote watatu wakasema hapana.

Wakati huo, mwaka 2022, akiwa na mataji tisa ya Australian Open, alikabiliwa na zuio la hadi miaka mitatu, ingawa serikali ingeweza kulilegeza ikiona kuna sababu nzito.

Kuna jambo jingine linalowahusu wachezaji wetu wanaosafiri kila siku. Fomu yake ya safari ilisema hakuwa amesafiri siku 14 kabla, kumbe alikuwa Hispania. Akasema aliyejaza ni wakala wake. Wapo wangapi hapa ambao meneja anajaza, wao wanabeba begi tu? Anayeulizwa dirishani ni mwenye pasipoti.

Nafasi yake kwenye droo alipewa Salvatore Caruso wa Italia, ambaye alikuwa ameshatolewa kwenye mchujo.