Kima Punju Hajamaliza Nazi za Mtu

Mwenye shamba mmoja wa kusini mwa Unguja alidai barazani hivi karibuni kuwa kima punju ndio waliomtia umaskini, kwa kuwa wamemmalizia nazi zote. Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono, na vijana wakafuata. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama amewahi kuhesabu.

Madai hayo ni ya uongo, na yamezoeleka kiasi kwamba anayeyapinga huonekana adui wa wakulima. Anayeumia ni mnyama ambaye kwa asili hapatikani popote duniani ila Zanzibar. Sensa ya Wildlife Conservation Society ilikuta wamebaki wapatao 5,800 tu.

Swali la nazi lilikwishajibiwa zamani. Mwaka 1999, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichapisha utafiti wao wa mashamba ya minazi yanayopakana na msitu wa Jozani. Waliwafuata kima, wakahesabu vidaka wanavyokula, kisha wakalinganisha na nazi zilizoanguliwa. Mavuno hayakupungua. Tena pale kima walipokula zaidi, mavuno yalikuwa makubwa zaidi!

Mkwezi yeyote anaweza kueleza kwa nini mavuno hayapungui. Kima punju hutafuna vidaka, na mnazi haujaliwa kukuza kila kidaka. Karara likipasuka, mti hubeba vingi kuliko unavyoweza kulisha, na vingi hudondoka vyenyewe hata kabla ya kuwa vitale, sembuse madafu. Kidaka si nazi. Anayeokota kidaka kilichotafunwa na kudai ameibiwa nazi anadai mali ambayo mnazi wenyewe ungeitupa chini.

Mnyama huyu anabebeshwa pia makosa ya tumbili, mwizi wa matunda mabivu. Tumbo lake lina vyumba vinne na limeumbwa kuchachusha majani. Matunda mabivu yenye sukari nyingi humdhuru. Ndiyo maana hula majani machanga na matunda mabichi. Karibu na Jozani huonekana hata akila mkaa, kwa sababu mkaa hunasa kemikali kali zilizomo katika majani ya miembe na mikungu. Hayo yamejulikana kwa sababu kuna watu waliokubali kukaa chini ya miti na kutazama, mwezi baada ya mwezi, mnyama anachotia kinywani. Wanaomhukumu barazani hawajafanya hivyo hata asubuhi moja.

Wapo pia wanaosema ana sumu, na kwamba mti anaoula hufa. Basi Jozani ingekuwa jangwa! Vizazi na vizazi vya kima vimekula miembe na mikungu ya kijiji cha Pete, na miti hiyo bado inawapa kivuli haohao wanaoeneza habari ya sumu.

Anayetafuta kwa dhati kinachoangusha vidaka amtafute Pseudotheraptus wayi, mdudu mdogo anayefyonza vidaka hadi vikatoka utomvu na kuanguka. Alichunguzwa Zanzibar tangu miaka ya 1950, na adui yake mkubwa akajulikana: maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Lakini mdudu haonekani kutoka barazani, na maji moto hulaaniwa na wakwezi kwa sababu wanauma. Kima huonekana mchana kweupe, basi kesi yote inamwangukia yeye.

Inakera zaidi kwamba hasira hiyo humkuta mnyama tu. Minazi inang'olewa kupisha hoteli za Paje na Jambiani, na barazani hausikiki mnong'ono. Madereva wa magari ya watalii nao hulalamikia matuta ya barabara ipitayo Jozani, ilhali yaliwekwa baada ya kima kugongwa mmoja baada ya mwingine. Magari hayo yanawapeleka wageni wanaolipa ili kumwona kima huyohuyo.

Sehemu ya fedha za watalii wa Jozani, iliyo hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, imekuwa ikifika kwa wanavijiji na wakulima. Wanastahili kupata, tena zaidi ya wanachopata sasa, kwa sababu kima wanaishi katika mashamba yao na utalii unategemea ukarimu huo. Kuzidai kwa jina la nazi zilizoliwa kunaharibu dai lililo halali na kumfanya kima aonekane mdeni.

Maafisa wa kilimo wachague minazi michache katika kila shehia, waitie alama, wahesabu vidaka na nazi pamoja na wenye mashamba kwa mwaka mzima, kisha matokeo yasomwe hadharani palepale barazani. Hadi siku hiyo, mwenye shamba aweke jiwe chini na amwache kima punju ale.