Uchovu wa ugonjwa wa MS si uvivu, waajiri na jamaa wauelewe

MFANYAKAZI anapowasili kazini asubuhi akiwa amechoka tiki, hukumu hutolewa upesi: ni mvivu, ama alikesha kwenye anasa. Ni nadra kwa mkubwa wake kuuliza iwapo anaugua. Hiyo ndiyo dhuluma inayowakumba wengi wa wanaoishi na maltipo sklerosi, ugonjwa wa neva unaofahamika kwa ufupi kama MS.

Zaidi ya watu milioni 2.8 kote ulimwenguni wana ugonjwa huu, na wanawake wanaougua ni takriban maradufu ya wanaume. Aghalabu hugunduliwa kati ya umri wa miaka 20 na 40, wakati ambapo mtu anatafuta riziki na kulea watoto.

Katika MS, kinga ya mwili ambayo jukumu lake ni kupambana na viini vya maradhi hugeuka na kuushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Utando huo ukichunika, ujumbe kutoka ubongoni husafiri kwa kusuasua, na wataalamu wanaamini kuwa ubongo hulazimika kutumia nguvu nyingi kutekeleza kazi ndogo. Si ajabu basi kwamba uchovu ni miongoni mwa dalili zinazowasumbua wagonjwa wengi zaidi, wakiwemo wale wanaotembea bila mkongojo na kuonekana wazima kabisa. Mtu anaweza kulala usingizi wa saa nane na bado akaamka akiwa hoi. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Joto nalo huzidisha madhila hayo. Mnamo 1890, daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi uwezo wa kuona wa baadhi ya wagonjwa ulivyofifia kwa muda baada ya kufanya mazoezi. Baadaye ilibainika kuwa kiini ni kupanda kwa joto la mwili. Kwa mkazi wa Mombasa, Garissa au Lodwar, hili si jambo dogo. Jua la adhuhuri, jikoni penye moshi au hata homa ya malaria inaweza kumlaza mgonjwa kitandani. Maji baridi, kivuli, feni na kufanya kazi nzito alfajiri ni sehemu ya matibabu yake.

Je, hakuna tembe ya kuumaliza uchovu huu? Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2021 uliwahusisha wagonjwa 141 na kulinganisha dawa tatu ambazo madaktari wamekuwa wakizitumia: amantadini, modafinili na methilifenideti. Hakuna hata moja iliyoshinda tembe zisizokuwa na dawa yoyote ndani. Utafiti mwingine wa nchini humo, uliotolewa mwaka wa 2024, ulionyesha kuwa wagonjwa waliopewa ushauri wa kitaalamu kwa njia ya simu, wa kubadilisha fikra na mazoea, walipata nafuu sawa na waliomeza modafinili. Kwa taifa kama Kenya, ambapo madaktari wa neva ni wachache na wengi wao wako mijini, matokeo hayo yana uzito. Simu humfikia mgonjwa aliye mbali na hospitali kubwa.

Hatua ya kwanza ni daktari kuhakikisha kuwa uchovu hausababishwi na jambo jingine: upungufu wa damu, mfadhaiko, dawa nyinginezo, au usingizi unaokatizwa na kwenda haja ndogo usiku kucha. Baada ya hapo, mgonjwa hufunzwa kutumia nguvu zake jinsi mwenye mshahara mdogo anavyopanga matumizi. Huamua lipi la lazima na lipi lisubiri, huketi anapopika au kupiga pasi, na hupumzika kabla ya kuishiwa. Mazoezi ya wastani pia husaidia.

Hata hivyo, mpango huo hauwezi kufaulu iwapo wanaomzunguka mgonjwa hawautambui. Mama atapumzikaje mchana ikiwa mume na wakwe watamwita mzembe? Karani atapumzikaje dakika 20 ikiwa msimamizi ataziandika kama utoro?

Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inapiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya na ulemavu. Nchini Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inamtambua mwenye MS kuwa mlemavu tangu siku anapogunduliwa kuwa na ugonjwa huo, bila kusubiri akalie kiti cha magurudumu. Huo ni mfano wa kuigwa, kwa kuwa ulemavu usioonekana ndio unaofichwa, na mwenye kuuficha hawezi kuomba msaada.

Mambo yanayohitajika hayamfilisi mwajiri: saa za kazi zinazoweza kubadilishwa, meza iliyo karibu na dirisha na msala, ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani msimu wa joto kali. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumfuta mfanyakazi mwenye tajriba na kumfunza mwingine upya. Idara za wafanyakazi na zianze kwa kumuuliza mgonjwa ni saa zipi za siku huwa na nguvu, kisha zimpangie majukumu yake kwa kuzingatia jibu hilo.