Bima inayomtaka mwalimu wa urubani awe abiria



Ninaishi Machakos mjini na kufundisha urubani Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kwa kandarasi. Nalipwa kwa saa, na saa huanza injini ikiwaka. Ukungu ukifunga uwanja, basi siku hiyo ni ya chai na porojo.

Kwa mamlaka ya ushuru, KRA, mimi ni mfanyabiashara: ada yangu hukatwa asilimia 5 kabla sijaigusa. Mamlaka ya afya ya jamii, SHA, nayo yataka asilimia 2.75 ya mapato, ya mwaka mzima kwa mkupuo. Haya, nalipa. Lakini Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 ni ya waajiriwa, mimi simo.

Nikanunua bima ya ajali. Ndani, kwa herufi za sisimizi: hakuna fidia kwa aliye angani, ila abiria aliyelipa nauli. Ajenti alinishauri, bila kucheka, nitafute bima nyingine. Bima ya ndege nayo ni ya mwenye ndege. Jina langu lisipoandikwa humo, kampuni ya bima ikishalipa hasara inaweza kunigeukia mimi.

Na hatari si ya kufikirika: Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki.

Mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, huidhinisha kila chuo cha urubani. Ikague pia kama bima ya chuo inawataja walimu wa kandarasi kwa majina, kabla ya kutoa kibali.

Mwalimu wa kandarasi,
Machakos