Mikutano ya wakuu wa kandanda: Mandewa itapata nini?

Tarehe 10 Agosti 2022 mji wa Arusha ulipokea wageni wa aina yake. Viongozi wa vyama vya kandanda vya nchi za Afrika walikutana huko katika Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kandanda la Afrika (CAF), chini ya Rais wake, Ndugu Patrice Motsepe, naye Rais wa Shirikisho la Dunia (FIFA), Bwana Gianni Infantino, akiwapo. Hapo ndipo ilipotangazwa mipango ya ligi mpya ya vilabu vikubwa vya bara letu. Tuliambiwa kwamba vilabu 24 vitashiriki. Ligi hiyo ilipoanza Dar es Salaam tarehe 20 Oktoba 2023, kwa mchezo ambao Simba na Al Ahly ya Misri zilitoka sare ya mabao 2 kwa 2, vilabu vilivyoshiriki vilikuwa 8. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 27 Septemba 2023, Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa zimepewa kwa pamoja uenyeji wa Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027.

Mambo hayo yote hayakuamuliwa uwanjani. Yaliamuliwa kumbini, na kabla ya kufika kumbini yalizungumzwa kwenye meza za chakula, kwenye varanda za hoteli na ndani ya magari ya wajumbe. Leo kandanda ni biashara kubwa, na wakuu wake hukutana mara kwa mara katika miji ya Ulaya, ya Uarabuni na ya Afrika ili wajuane, wabadilishane anwani na watafutane kwa mikataba ya matangazo, ya udhamini na ya wachezaji. Sisi tulioko Mandewa, katika Manispaa ya Singida, ambako jioni watoto hucheza chandimu kwa mpira wa matambara, tunayo haki ya kuuliza: je, mazungumzo hayo yanatuhusu nini?

Wako wenzetu wanaojibu upesi kwamba hayatuhusu hata kidogo. Husema kwamba safari hizo ni anasa, na kwamba mjumbe hurudi na picha tu alizopigwa pamoja na wakubwa wa dunia. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini si ukweli kamili. Yafaa tuitazame historia kabla ya kuhukumu.

CAF yenyewe ilizaliwa katika mazungumzo ya namna hiyo. Mwezi Juni 1956, wajumbe wachache wa Afrika waliokwenda Lisbon kwenye mkutano wa FIFA walikutana hotelini wakakubaliana kuunda chombo chao wenyewe. Mwezi Februari 1957 chombo hicho kikaundwa rasmi mjini Khartoum. Afrika Kusini ilipokataa kuleta timu inayochanganya weusi na weupe, haikucheza katika mashindano ya kwanza ya mwaka huo. Mwaka 1964 FIFA iliamua kwamba bingwa wa Afrika agombee nafasi moja pamoja na mabingwa wa mabara mengine. Nchi za Afrika zikasusia Kombe la Dunia la mwaka 1966, na mwaka 1970 Afrika ikapata nafasi yake yenyewe, iliyochukuliwa na Morocco. Mwaka 1974 mjini Frankfurt, João Havelange wa Brazil alimshinda Sir Stanley Rous wa Uingereza katika uchaguzi wa urais wa FIFA, kwani alikuwa ametembelea nchi za Afrika na kusikiliza madai yao. Mwaka 1982 timu za Kombe la Dunia ziliongezwa zikawa 24, na Afrika ikapeleka mbili, Algeria na Cameroon.

Ni dhahiri basi kwamba mazungumzo ya kandoni ni kazi halisi. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Laiti Waafrika wale wasingekwenda Lisbon, huenda tungechelewa miaka mingi.

Lakini hapana budi tuulize wajumbe wale walikuwa na nini ambacho baadhi ya wajumbe wa leo hawana. Jibu ni kwamba walikuwa wametumwa. Aliyesimama Khartoum kupinga ubaguzi wa rangi hakusema la kwake. Alisema la watu wake, na alijua kwamba akirudi ataulizwa. Mtu aliyetumwa huingia mkutanoni akiwa na neno moja au mawili ambayo lazima ayafikishe. Mtu asiyetumwa huingia akiwa na mfuko mtupu, na mfuko mtupu hujazwa na yeyote anayemkuta.

Nafasi za kukaa kwenye meza hizo tunazo. Mwezi Novemba 2023, huko Cairo, Rais wa klabu ya Young Africans, Ndugu Hersi Said, alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Chama cha Vilabu vya Afrika. Miaka ya nyuma, Ndugu Leodegar Tenga, aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars katika Fainali za Afrika za mwaka 1980 huko Lagos, aliongoza Shirikisho la Kandanda la Tanzania (TFF) tangu 2004 hadi 2013, na akaliongoza pia baraza la Afrika Mashariki na Kati. Kwa hiyo hatuna upungufu wa watu wa kwenda. Tunachopungukiwa ni maagizo tunayowapa wanapoondoka, na hesabu tunayowadai wanaporudi.

Nitatoa mfano mmoja, ambao walimu na watumishi wa serikali wanapaswa kuujua vizuri. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji akihamishwa kwa malipo toka klabu moja kwenda nyingine ya nchi nyingine, huku mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya malipo hayo hutengwa. Fungu hilo ni la vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa malezi kati ya umri wa miaka 12 na 15 hupata asilimia 5 ya fungu hilo, na kila mwaka kati ya 16 na 23 hupata asilimia 10. Tuchukue mchezaji aliyeuzwa kwa dola milioni moja. Fungu ni dola 50,000. Klabu ndogo iliyomlea kwa miaka minne tu, tangu alipokuwa na miaka 12 hadi 15, inastahili dola 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 20. Kwa klabu ya kata, hizo ni fedha za kununua mipira na jezi, kuweka magoli na kumsomesha kocha. Na tangu mwezi Novemba 2022 FIFA imeanzisha chombo maalumu, chenye makao yake Paris, cha kukusanya malipo hayo na kuyafikisha kwa wanaostahili.

Lakini fedha hizo haziji kwa kuombwa wala kwa huruma. Huja kwa kumbukumbu. Klabu lazima iwe imesajiliwa, na mchezaji lazima awe ameandikishwa katika klabu hiyo kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Mtoto aliyecheza Mandewa kwa miaka minne bila kuandikwa popote, kwa kanuni za dunia ni kama hakuwahi kucheza Mandewa. Akiuzwa Ubelgiji au Uturuki, sisi tutabaki kumshangilia redioni.

Mambo kama hayo ndiyo yanayojadiliwa katika mikutano ya wakuu wa kandanda. Huko huketi watu wanaozijua kanuni hizo kama mwalimu anavyoijua jedwali ya kuzidisha. Mjumbe wetu aliyeketi nao chakula cha jioni angeweza kurudi na elimu hiyo, akaiandika kwa Kiswahili chepesi, na kuipeleka kwa kila ofisa michezo wa wilaya. Zawadi ya namna hiyo ingekuwa bora kuliko mikoba na kalamu za mkutano.

Singida ina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Katika miaka michache tumeona timu zikija na kuondoka. Singida United ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi yetu mwaka 2018, na mwaka 2020 ikashuka daraja. Ikaja Singida Big Stars, ikageuka Singida Fountain Gate mwaka 2023, kisha ikahamia Manyara. Mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ilihamia kwetu ikawa Singida Black Stars, na mwaka 2025 timu hiyo ikatwaa Kombe la Kagame. Tuliifurahia, na tunaipongeza. Hata hivyo ukweli ni kwamba timu hizo zilikuja na kuondoka kwa mapatano ya wenye mali, wala si kwa uamuzi wa mkutano wa wananchi. Hatuwezi kumzuia mwenye mali kuhamisha mali yake. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba kitu fulani kinabaki hapa siku akihama: vilabu vya kata vilivyosajiliwa, makocha waliosomea kazi yao, viwanja vilivyopimwa, na daftari la vijana wetu.

Hapa sharti tujikosoe na sisi wenyewe. Ni rahisi kuwanyooshea kidole wakubwa wanaosafiri. Lakini ni nani asiyejua kwamba katika mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA wako walimu waliopunguza umri wa wachezaji ili shule ishinde? Mwalimu anayemwandikia kijana miaka 14 hali ana 17 anadhani amemsaidia. Kwa kweli amemwibia. Siku ambayo cheti chake kitalinganishwa na daftari la shule, kijana atafungiwa, na klabu iliyomlea haitapata hata senti moja. Mwanachama wa Chama cha Mapinduzi huahidi kusema kweli daima. Ahadi hiyo haikuwekewa kando wakati wa michezo.

Hivyo basi ninapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila anayekwenda katika mkutano wa nje kwa jina la chombo cha kandanda cha Taifa apewe maagizo kwa maandishi, baada ya vyama vya mikoa kuulizwa wanataka nini. Maagizo yasizidi matatu, ili yatekelezeke. Mathalan: tafuta mafunzo ya makocha wa vijana, uliza utaratibu wa kudai fungu la malezi, tafuta klabu itakayoshirikiana na mkoa mmoja wa bara, si Dar es Salaam peke yake.

Pili, mjumbe akirudi atoe taarifa ya Kiswahili katika muda wa siku 30, ieleze alikutana na nani, waliafikiana nini, na safari iligharimu kiasi gani. Wako watakaosema kwamba biashara ina siri zake. Ni kweli. Mwenye klabu yake anayesafiri kwa fedha zake hatudai siri zake. Lakini anayesafiri kwa fedha za chama cha wananchi, na kwa bendera ya nchi, siri yake ni siri ya nani?

Tatu, na hili ni letu, kila shule ishirikiane na klabu iliyosajiliwa katika kata yake, na mwalimu wa michezo aweke daftari: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, klabu aliyoandikishwa, na miaka aliyofundishwa. Kazi hiyo haihitaji dola wala mfadhili. Inahitaji kalamu, rula na uaminifu.

Wahenga wetu walisema pia, mgeni njoo mwenyeji apone. Tumepewa uenyeji wa Fainali za Afrika pamoja na ndugu zetu wa Kenya na Uganda, na wakuu wa kandanda wa dunia watakapofika watajaza hoteli zetu. Watazungumza wao kwa wao, kama ilivyo desturi yao. Sisi wenyeji tusiridhike na kuwapikia na kuwachezea ngoma tu. Tuwe na la kuwaambia, na tuwe na daftari la kuwaonyesha. Daftari hilo linaweza kufunguliwa kesho asubuhi, katika shule yoyote ya Mandewa, kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza.