Usiku Ziwani Pamoja na Watoto

Shule zinapofungwa, ziko jamaa za Karagwe na Kyerwa ambazo hushuka kwa barabara ya Kyaka hadi Bukoba, hulala melini, na asubuhi huamkia Mwanza. Kutoka hapo, kisiwa cha Saanane, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, ni mwendo mfupi wa mashua.

Ndugu mzazi, safari hiyo ni njema, lakini isianze kwa kusahau. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyojaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na Mwanza. Mamia ya ndugu zetu walipotea, na idadi yao kamili haikupata kujulikana, kwa kuwa orodha ya abiria haikukamilika.

Basi kila mtoto, hata anyonyaye, na aandikwe jina. Ukisafiri na gari, lifungwe barabara, wala asilale mtu ndani yake. Kabla ya kung'oa nanga, waonyeshe watoto mahali yalipo maboya. Na ukiona meli imeshehenezwa kupita kipimo chake, shuka, hata kama nauli imekwisha lipwa. Ndizi za zawadi zikiivia Bukoba, hakuna atakayewekewa matanga.